Kioo cha fremu: niambie kwanza picha itakaa ukuta gani

Wazee wangu shikamooni, na wengine wote mambo vipi. Hii ni mada niliyoongea Jumamosi mbele ya wachoraji na wapiga picha, watu wakaomba niiandike, nimeiandika karibu kama nilivyoisema na yale maswali yaliyonikatiza nimeyaacha humo humo, kwahiyo msishangae nikiruka huku na huku.

Mi ni fundi fremu hapa Dar. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni "fundi, kioo kizuri shilingi ngapi?" na picha yenyewe bado imeviringishwa kwenye gazeti sijaiona, sijui imechorwa kwa nini, sijui inaenda kutundikwa wapi. Ni sawa na kuingia duka la dawa ukauliza dawa nzuri bei gani, muuzaji atakushangaa tu. Mi kabla sijataja bei nakuuliza hiki ni kitu gani, kitakaa ukuta upi, na kikiharibika utaprinti kingine au ndo basi tena. Ukishanijibu hayo, kioo karibu kinajichagua chenyewe.

Na nianze na hili ambalo litawaudhi wauza vioo: kama hela yako ni kidogo usianzie kwenye kioo. Huku kwetu pwani hela ya kwanza iende kwenye nafasi kati ya kioo na picha, ya pili iende kwenye kuzuia UV, yaani ile sehemu ya mwanga isiyoonekana inayokula rangi, ikibaki ndo ununue kioo kisichorudisha mwanga. Watu wengi wanaenda kinyumenyume, wanaanza na mng'ao kwa sababu ndo wanaouona pale dukani, UV haionekani na unyevu hauonekani, afu masika ikipita mtu anarudi na picha imeganda kwenye kioo cha bei mbaya.

Hapo kwenye kuganda nikae kidogo maana ndo kesi zinazoletwa kwangu kwa wingi. Picha za studio, zile za zamani nyeusi na nyeupe na hata hizi za rangi za lab, juu ya karatasi zina tabaka la jelatini, ni ile ile inayotoka kwenye ngozi na mifupa ya ng'ombe ambayo wanatengenezea jeli na vidonge vya kapsuli. Jelatini inakunywa maji ya hewani. Sasa Dar, Tanga, Unguja, Mombasa, asubuhi za masika unyevu hewani unapita asilimia 80 mara kwa mara, jelatini inavimba, inakuwa laini na yenye kunata, na kama imegusana na kioo basi mchana joto likipanda inakauka ikiwa imeshashika. Kesho tena, keshokutwa tena. Utaiona ina mabaka yanayong'aa sehemu sehemu, ukiigeuza fremu kwenye mwanga mabaka yanatokeza, sehemu nyingine hazibadiliki. Hapo imeshaganda. Na msidhani ni picha za mababu tu, karatasi nyingi za kung'aa za printa za inki nazo zina tabaka juu linaloshika kioo vile vile.

Dawa yake haina gharama kubwa. Maunti, ile kadi nene yenye dirisha katikati, watu wanadhani ni urembo, lakini kazi yake kubwa ni kuinua kioo kisiguse picha. Kadi ya kawaida ina mili (milimita) moja na nusu hivi, ukiweka mbili unapata mili tatu, kwa picha ndogo inatosha kabisa. Kama hutaki maunti, unataka picha ifike hadi kwenye ubao wa fremu, sawa, kata vijiti vyembamba vya plastiki uvibandike pembeni ndani ya fremu pale ubao unapovificha, mteja hata havioni. Kwa picha kubwa, tuseme upande mmoja unafika mita, mili tatu haitoshi maana karatasi yenyewe ikivuta unyevu inafanya tumbo katikati na hilo tumbo litaenda kugusa kioo, hapo weka mili sita.

Ila maunti yenyewe iwe ya kueleweka. Kadi ya bei chee ina asidi, baada ya miaka utaona pembezoni mwa dirisha pamegeuka kahawia na ule ukahawia unahamia kwenye karatasi ya picha, hautoki. Na nyuma, hadibodi iliyogusa picha moja kwa moja inafanya kazi hiyo hiyo ya kuipaka kahawia taratibu. Ukiwa huna kadi nzuri ya kutosha basi hata weka karatasi safi isiyo na asidi katikati. Mtu ananunua kioo kinachozuia UV asilimia 99 afu nyuma anaegesha picha kwenye hadibodi tupu, huyo kazuia adui mlango wa mbele na wa uani kauacha wazi.

Hapa mama mmoja akauliza, ana picha ya marehemu baba yake ilipigwa Unguja zamani, imeshaganda kwenye kioo, aibandue vipi? Mama yangu, usiibandue. Usiweke kisu, usiipashe kwa hea-draya, usiiloweke maji kwa sababu umeona mtu kwenye video kaloweka. Ukivuta, jelatini inabaki kwenye kioo na sura ya mzee inabaki nayo. Cha kufanya, itoe kwenye fremu ikiwa pamoja na kioo chake hivyo hivyo, safisha kioo kwa nje, iskani ikiwa ndani ya kioo, au mpigapicha aipige kwa taa mbili zikitokea pembeni ili zisirudi kwenye lenzi. Printi nakala, nakala ndo itundikwe. Ile yenyewe na kioo chake ihifadhi kwenye boksi sehemu kavu, siku ukimpata mtaalamu wa uhifadhi atajua la kufanya. Picha kama hizo Unguja na Pwani zimejaa majumbani, pale Mji Mkongwe studio ya Capital Art ilifunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 na Lamu kulikuwa na studio ya Omar Said Bakor, fikiria ni familia ngapi zina picha ukutani zilizotoka kwenye studio za namna hiyo na ni ngapi zimelala moja kwa moja kwenye kioo.

Haya, kabla hatujafika kwenye vioo vyenyewe, vipo vitu visivyohitaji kioo kabisa na mi nawarudisha wateja, wenzangu wananiambia nafukuza riziki. Rangi ya mafuta kwenye turubai haiwekwi kioo kwa kawaida, inapigwa vanishi. Rangi ya akriliki kwenye turubai vile vile. Na michoro ya tingatinga, jamani, Edward Saidi Tingatinga alipoanza pale Dar mwaka 1968 alichora kwenye hadibodi kwa rangi ya enameli, zile za kupakia baiskeli, rangi ikikauka ni ngumu unaifuta vumbi kwa kitambaa. Ukiiweka kioo unaua kile king'ao chake na unamuongezea mtalii uzito kwenye begi la ndege. Fremu safi ya mbao inatosha.

Kioo ni cha vitu vya karatasi na vitambaa: picha za kamera, rangi ya maji, penseli, mkaa, pasteli, hati, vyeti, maandishi ya khati, kanga ya bibi, kofia ya kushonwa. Hivi vyote havisafishiki, vumbi likiingia limeingia, moshi wa jikoni ukishika umeshika, na wadudu wanavipenda.

Sasa mwanga. Kinachokula rangi ni mwanga wote, ule unaouona na ule usiouona. UV ndo mkali zaidi, ni ule mwanga ulio chini ya nanomita 400, jicho haliuoni lakini karatasi inauona. Kioo cha kawaida, kile cha mili mbili au tatu ambacho kila fundi anacho, kinazuia ile UV kali kabisa lakini hii nyingine iliyo karibu na mwanga wa kawaida inapita sehemu kubwa, kwahiyo mtu akikwambia "kioo chochote kinazuia UV" kakwambia nusu ya ukweli. Vioo vya uhifadhi, kwa mfano vya kampuni ya Tru Vue ndo vinavyojulikana sana duniani, vimepakwa tabaka linalozuia hadi asilimia 99 ya UV. Tofauti ni kubwa kweli.

Lakini, na hapa naomba mnisikilize vizuri, asilimia 99 ya UV siyo asilimia 99 ya uharibifu. Ule mwanga wa kawaida unaobaki unaendelea kuchuja rangi, taratibu, na haurudishi ulichochukua, mwanga unajumlisha tu, wa jana upo, wa leo unaongezeka. Makumbusho makubwa rangi ya maji na picha za rangi wanaziwekea mwanga wa kama luksi 50, chumba ukiingia unaona kama wamesahau kuwasha taa. Jua la mchana nje linaweza kufika luksi laki moja. Kwahiyo ukiniambia picha itakaa ukuta unaopigwa na jua la saa kumi kupitia dirisha la luva, mi sikuuzii kioo cha bei, nakwambia hamisha picha, weka pazia, weka ukuta ule pembeni ya dirisha ambao jua haliugusi. Hiyo ni bure na inashinda kioo chochote nilichonacho.

Kaka mmoja mpigapicha akasema mbona picha za rangi za kwao za miaka ya 80 zimegeuka nyekundu nyekundu na zilikuwa kwenye albamu, hazijaona jua? Kweli kabisa, hapo kioo hakina kosa wala jua halina kosa, rangi za karatasi za zamani zile zilikuwa zinakufa zenyewe hata gizani, rangi moja inatangulia kufa na zinazobaki zinatawala. Hizo skani mapema urekebishe kwenye kompyuta. Nyeusi na nyeupe, zile zinazotengenezwa kwa madini ya fedha, zinavumilia mwanga vizuri zaidi, adui yake ni unyevu na hewa chafu, ndo maana utaona pembeni zinatoa kimng'ao cha rangi ya fedha, na kupaka rangi ya mafuta chumba kile kile zilipotundikwa kunaharakisha jambo hilo, toa picha kwanza ndo upake ukuta, subiri harufu iishe kabisa ndo urudishe. Printi za inki zinategemea inki, za pigimenti, ile rangi ya chembechembe, zinadumu, za dai, ile rangi iliyoyeyushwa, zinapauka haraka, sasa nyie wenye printa zenu mnajua mnatumia nini na muwe wakweli kwa wateja wenu.

Utajuaje kioo unachouziwa kinazuia UV kweli? Maana kinafanana na kingine chochote, na sijasema mtu ni mwizi lakini soko ni soko. Chukua ile taa ya kukagulia noti feki, kila wakala wa pesa anayo. Chukua karatasi nyeupe ya fotokopi, ingia sehemu yenye giza kidogo, imulike: karatasi inawaka bluu. Sasa pitisha kioo katikati ya taa na karatasi. Kikiwa cha kawaida karatasi inaendelea kuwaka, labda imepungua kidogo. Kikiwa cha UV ule ubluu unazimika. Angalizo moja, hizi tochi za UV za bei rahisi nyingi zinatoa mwanga wa nanomita 395, zile zinazotoa zambarau nyingi inayoonekana, hizo zinapita hata kwenye kioo kizuri kwa sababu vioo vingi vinaanza kuzuia kwenye 380 kushuka chini. Tafuta taa ya 365, ndo inasema ukweli.

Sasa niwape siri ya fundi ambayo inanishangaza haijulikani. Kioo cha lamineti. Nenda kwa mafundi alminiamu, uliza kioo cha lamineti, ni vioo viwili vyembamba na katikati kuna utando wa plastiki umevigandisha, kioo cha mbele cha gari ndo hicho hicho, ndo maana kikipigwa jiwe kinachora utando wa buibui lakini hakimwagiki. Ule utando wa katikati unazuia karibu UV yote. Haukuwekwa kwa ajili ya picha, uliwekwa kwa usalama, lakini kazi inafanya. Mimi kwa mteja mwenye kitu cha thamani na hela ya kawaida ndo ninachompa, na kama una wasiwasi kimulike kwa ile taa.

Ubaya wake ni uzito. Kioo, kila mili moja ya unene kwa mita moja ya mraba ni kilo mbili na nusu. Kwahiyo fremu ya mita moja kwa sentimita 70, kioo cha mili mbili ni kilo tatu na nusu, mili tatu ni kilo tano na robo, lamineti ile ya mili 6.38 inakaribia kilo 11 hujaweka mbao. Hiyo huitundiki kwa msumari wa zege mmoja uliopigwa kwenye plasta ya mchanga mwingi, unachimba kwa drili, unaweka plagi mbili, na fremu yenyewe pembe zake ziwe zimeshikwa kweli siyo gundi na pini mbili. Kwa fremu ya ukubwa wa A3 wala hutaona shida. Halafu lamineti ya kawaida ina ukijani kidogo, kiangalie kwenye ukingo utaona, unatokana na chuma kilichomo kwenye mchanga wa kioo, na kwa picha yenye weupe mwingi ule ukijani unaonekana. Kipo kioo chenye chuma kidogo ndani yake ambacho ukingo wake ni mweupe, bei juu.

Dada mmoja akauliza vipi tempadi, si ndo imara? Dada yangu, tempadi ni imara ndio, jina utalikuta hata kwenye proteka za simu, lakini ni kioo kile kile kilichopashwa moto kikapozwa ghafla, kwenye UV hakiongezi kitu. Na hakikatiki tena baada ya kutengenezwa, ukikosea kipimo umeula wa chuya. Mi siitumii kwenye fremu labda picha inakaa sehemu watoto wanapiga mpira.

Kwenye mng'ao nitaenda mbio. Kioo cha kawaida kinarudisha karibu asilimia 8 ya mwanga, nne upande wa mbele nne upande wa nyuma, ndo maana picha yenye weusi mwingi unajiona mwenyewe umesimama na shati lako. Kuna tiba mbili na msizichanganye. Ya kwanza ni kioo cha mati, kimekwaruzwa na asidi juu, hakiondoi mwanga kinautawanya, na kadiri kinavyokaa mbali na picha ndivyo picha inavyofifia na kuwa na ukungu. Sasa kumbukeni tumesema nafasi ni lazima. Kwahiyo kioo cha mati na maunti mbili ni ugomvi, mimi sikipendi, nasema waziwazi, kimeharibu kazi nzuri nyingi kwenye maofisi. Na kuna mtu aliwahi kuuziwa kioo cha maua, kile cha dirisha la choo, akaambiwa ni cha kuzuia mng'ao, tulicheka mpaka basi lakini hela yake ilikuwa imeshaenda.

Tiba ya pili ni kioo kilichopakwa tabaka la kuua mng'ao, ndo kinaitwa kioo cha makumbusho. Mwanga unaorudi unakuwa chini ya asilimia moja, unasimama mbele ya picha unadhani haina kioo, watu wananyoosha kidole kushika. Kukitambua ni rahisi, washa tochi ya simu uangalie inavyorudi, kwenye kioo cha kawaida inarudi nyeupe kali, kwenye hiki inarudi hafifu na ina uzambarau au ukijani. Kizuri sana, bei ni mara kadhaa ya kioo cha kawaida na kwa hapa kwetu mara nyingi unaagiza. Lakini angalia lebo kwa makini, siyo kila kioo kisichorudisha mwanga kinazuia UV, hayo ni mambo mawili tofauti na moja linaweza kuuzwa bila jingine. Kwa maonesho ya siku chache ambako taa zinapiga moja kwa moja, chukua kile cha kuua mng'ao hata kama UV hakina. Kwa picha ya kukaa ukutani miaka yote, nikilazimishwa nichague kimoja nachagua UV.

Plastiki. Akriliki, wengine wanaita Perspex, wengine Plexiglas. Nzito nusu tu ya kioo, haipasuki vipande vya kukata watu, kwa shule, hospitali, chumba cha mtoto, na kwa kazi inayosafiri kwa basi au ndege ndo jibu. Zipo zenye kuzuia UV na zipo zisizozuia, ulize. Matatizo yake matatu. Inachubuka, hata tishu kavu inaichora. Inapinda na kutanuka kwa joto kuliko kioo, kwahiyo ukikata acha nafasi ya mili moja mbili kwenye fremu, ukiibana siku ya joto la Desemba itafanya upinde. Na tatu ina umeme tuli, ukiifuta inavuta vumbi, na hapa wachoraji wa mkaa na pasteli mnisikie: ile stetiki inanyonya unga wa pasteli kutoka kwenye karatasi, unakuta picha imehamia kwenye plastiki. Pasteli na mkaa ni kioo tu, na nafasi ya kutosha, hakuna mjadala.

Mzee mmoja akasema sasa kioo kinalinda nini mtu akikusudia. Mzee wangu, kinalinda sana. Mona Lisa, ule mchoro maarufu pale makumbusho ya Louvre Paris, ni rangi ya mafuta kwenye ubao, kwa kanuni niliyosema isingehitaji kioo, lakini mwaka 1956 mtu alirusha jiwe, kioo kikavunjika na rangi kidogo ikabanduka karibu na kiwiko. Siku hizi imekaa nyuma ya kioo kisichopenya risasi: 2009 ikarushiwa kikombe, 2022 ikapakwa keki, 2024 ikamwagiwa supu, picha yenyewe haikuguswa. Na ile ya alizeti ya Van Gogh kule London Oktoba 2022, supu ya nyanya ilimwagwa, kioo kikabeba, fremu ndo ilipata madhara kidogo. Nyie hamtarushiwa supu labda, ila mtoto na juisi ya embe anatosha. Na angalieni, 1956 kioo kilichovunjika ndani ya fremu hakikusaidia sana, vipande vyenyewe ni visu, ndo sababu nyingine napenda lamineti.

Kwenye kusafiri, kioo cha kawaida kibandikeni maskin tepu ya karatasi kwa mistari ya kukatizana, kikivunjika vipande vinabaki kwenye tepu haviendi kukata picha. Lakini kioo cha makumbusho na plastiki msibandike tepu kabisa, gundi inaharibu lile tabaka. Fremu isafiri imesimama, siyo imelala, hasa ikiwa ndani ya basi chini ya mizigo ya watu.

Kusafisha: usipulizie dawa kwenye kioo, pulizia kwenye kitambaa. Ukipulizia kwenye kioo matone yanashuka, yanaingia chini ya ubao wa fremu, maunti inayanyonya, baada ya wiki unaona doa la maji limepanda kutoka chini na unamlaumu fundi. Dawa zenye amonia kaa nazo mbali ukiwa na akriliki, na spiriti pia. Vioo vya UV vingi tabaka lake liko upande mmoja na upande huo unatazama ndani kwenye picha, kwahiyo fundi akikata ahakikishe hajakigeuza, karatasi ya boksi inaandika upande upi ni upi, usiitupe kabla hujamaliza.

Kijana mmoja mwenye studio akauliza la ofisi yenye AC, kwamba ndani kukavu lakini picha zake zinaota ukungu kwa ndani ya kioo. Hiyo ni ya ukuta wa nje. Jua linapiga ukuta kwa nje, ukuta unapata joto, hadibodi iliyo nyuma ya fremu inatoa unyevu iliyoufyonza usiku AC ikiwa imezimwa, unyevu unakimbilia kwenye kioo ambacho AC imekipoza, unageuka maji. Hamishia ukuta wa ndani unaotenganisha vyumba viwili. Kama haiwezekani, bandika vimpira pembe za chini nyuma ya fremu ili hewa ipite kati yake na ukuta, na ukifunga fremu ifunge siku kavu, kadi zako ziwe zimekaa kwenye chumba cha AC usiku kucha, afu zungushia tepu pembezoni mwa kioo, maunti, picha na kadi ya nyuma viwe pakiti moja. Ukiifunga pakiti siku ya mvua umeufungia unyevu ndani na mchana kutwa utakuwa unacheza humo humo, ukungu utaota tu. Hiyo tepu pia inazuia wale wadudu wa fedha fedha wanaokula karatasi, mchwa ni habari nyingine, mchwa angalia ukuta wenyewe.

La mwisho lilikuwa la bi harusi mtarajiwa, picha kubwa ya harusi, inaenda sebuleni, hela ipo ya wastani, achukue nini. Nikamuuliza faili lipo? Lipo. Basi dada, kioo cha kawaida cha mili tatu, vijiti vya mili sita ndani, mbali na dirisha, na faili lihifadhi sehemu mbili, ikipauka baada ya miaka unaprinti nyingine, hela ya kioo cha makumbusho kamuwekee bibi yako ile picha yake ya harusi ambayo haina negativu.

Sampuli zote ziko pale kwangu, taa ya 365 ipo na karatasi ipo, mje mjaribu wenyewe, ila ile ya makumbusho shikeni pembeni tu maana alama za vidole kutoa pale ni kazi ya asubuhi nzima.